Mkaa Unataka Hewa, Hautaki Mafuta ya Taa

Mishkaki ikishanuka mafuta ya taa, hakuna ndimu wala pilipili itakayoificha. Nililijua hilo Idd moja uani kwetu, Dar es Salaam. Nyama ilikuwa fileti, imelala usiku kucha kwenye tangawizi na kitunguu saumu. Wageni walikwisha kaa mkekani. Mkaa ukagoma kushika, shemeji akaleta chupa ya mafuta ya taa na kuumwagia, ndimi za moto zikaruka hadi usawa wa kifua. Baada ya dakika tano moto ulionekana mzuri, tukapanga vijiti. Mama alipotia kipande cha kwanza mdomoni alitafuna taratibu, akameza kwa heshima ya wageni, kisha akaisogeza sahani pembeni. Hakusema neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwatazama kwa makini wachoma mishkaki wa barabarani na wachoma nyama wa baa, watu wanaowasha moto kila jioni ya Mungu. Nimejaribu njia zao nyumbani, nyingine nikaziacha, nyingine nikazishika. Nilichokiona ni kwamba mkaa mkavu, ukipata hewa kutoka chini na ukapewa muda wake, hauhitaji tone la mafuta ya taa. Hapa naeleza hatua kwa hatua, ili sikukuu yako isiharibiwe na chupa.

Kwa nini mkaa unagoma

Mkaa ni mti uliokwisha kuungua nusu safari. Ndani ya tanuri, chini ya udongo na majani, kuni zilipashwa moto zikanyimwa hewa. Maji yakatoka, gesi na utomvu unaofanya kuni zitoe ndimi na moshi vikatoka pia, ikabaki kaboni kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana mkaa mzuri hauwaki kwa ndimi kubwa kama kuni. Unaiva, unakuwa mwekundu, unatoa joto kali bila moshi mwingi.

Lakini kwa sababu gesi zile zimekwisha toka, mkaa hauna kitu chepesi cha kudaka moto wa kiberiti. Lazima kipande kimoja kipashwe hadi kishike, kisha kimpe jirani yake, naye ampe wa pili. Moto wa mkaa hupokezwa. Ukiutawanya mkaa kama mtu anayeanika dagaa, kila kipande kinapoteza joto lake peke yake, na hakuna anayempokeza mwenzake. Ukiurundika pamoja na ukaacha hewa ipite katikati, joto linapanda kutoka chini na kuvuta hewa mpya nyuma yake. Hiyo ndiyo siri yote, na hatua zinazofuata ni kuitumikia tu.

Chagua mkaa kwa sikio na kwa mkono

Chukua vipande viwili uvigonganishe. Mkaa mgumu ulioiva vizuri hulia kwa sauti kali, karibu na ya kigae. Mkaa wenye unyevu au ulioungua vibaya hutoa sauti ya kuzubaa. Uvunje kipande kimoja: ndani uwe mweusi wa kung'aa. Ukiona rangi ya kahawia, hicho ni kijiti ambacho hakijawa mkaa, nacho kitakutolea moshi wa macho.

Mkaa wa miti migumu, kama mgunga na miti ya miombo, ni mzito, unachelewa kushika, lakini ukishika unakaa na kutoa joto la kutosha kumaliza mbuzi. Mkaa wa miti laini, kama mwembe na mkorosho, unashika upesi na kwisha upesi. Mimi hutumia wote wawili: vipande vyepesi chini viwe vya kudaka, vizito juu viwe vya kudumu.

Unyevu ndio adui wa kwanza. Mkaa una vitundu vidogo vidogo vingi, na vitundu hivyo hunywa mvuke wa hewani, hasa miezi ya masika. Mkaa uliolowa hupasuka na kurusha cheche, na joto lako la kwanza lote linaishia kukausha maji. Kama gunia lilikaa sakafuni jikoni, asubuhi toa kiasi utakachotumia, ukianike juani mpaka alasiri. Na chenga zilizobaki chini ya gunia usizimimine jikoni pamoja na vipande. Chenga huziba njia ya hewa. Wenye subira huzichanganya na udongo au uji wa unga, wakafinyanga madonge na kuyakausha kwa ajili ya maharage ya siku nyingine.

Inama usafishe jivu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hewa ya jiko inaingilia mvunguni. Kabla hujashika kiberiti, kung'uta jivu la jana lote, toboa matundu ya kitako kwa kijiti, fungua kimlango cha hewa na ukielekeze upepo unakotoka. Nimewaona watu wakipepea mpaka mkono unakufa ganzi, kumbe chini kumejaa jivu kama unga. Pepeo lolote haliwezi kushindana na kitako kilichoziba.

Jiko la kawaida la udongo lililobanwa kiuno ni zuri kwa wali na uji kwa sababu linabana joto lisitoroke. Kwa kuchoma nyama ya watu kumi unataka uwazi mpana: pipa lililokatwa kwa urefu na kuwekewa miguu, au rimu ya gari. Pipa liwe na matundu ya hewa pande za chini. Uliza pia lilibeba nini kabla hujalinunua. Lililobeba kemikali usilipikie kamwe. Lililobeba mafuta ya kula, liwashie moto mkubwa mara ya kwanza bila chakula, rangi na mabaki yaungue yaishe.

Kiwashio kisicho na harufu

Watu wengi huwashia mfuko wa plastiki, kipande cha ndala au mpira wa tairi. Tafadhali, acha. Moshi wake una sumu, unaingia kifuani mwa anayepepea na kuganda kwenye wavu utakaopangia nyama. Mafuta ya taa nayo yanaungua juu juu na kuacha mengine yamezama kwenye vitundu vya mkaa, ndiyo yaliyopanda kwenye mishkaki yetu siku ile. Petroli usiitaje kabisa: mvuke wake hulipuka kabla kiberiti hakijafika. Na chochote chenye mafuta kikimwagiwa juu ya makaa yaliyokwisha shika, moto unaweza kupanda kwenye mkondo hadi kwenye chupa iliyo mkononi mwako.

Uani na jikoni mwako mna viwashio bora:

Karatasi na mafuta ya kupikia. Chukua gazeti, lisokote kama ngata, lidondoshee vijiko viwili vya mafuta yaliyokaangia. Karatasi kavu huungua kwa sekunde chache, lakini hii inakuwa utambi na kuwaka dakika kadhaa kwa utulivu, muda wa kutosha kipande cha mkaa kushika.

Vifuu vya nazi. Watu wa pwani wana bahati. Kifuu kikavu kinawaka kwa moto mkali na wa kudumu kuliko kijiti cha unene wake. Makumbi yaliyofumuliwa yanadaka kiberiti mara moja, vifuu vinapokea, mkaa unafuata.

Magunzi ya mahindi. Kwa wa bara, magunzi makavu yanafanya kazi ileile. Yaloweke ncha kwenye mafuta ya kupikia ukipenda.

Maganda ya machungwa. Yaanike mpaka yakatike kwa mkono. Yana mafuta yake yenyewe, yanawaka kwa mlio na kunukia vizuri.

Trei la mayai. Lile la karatasi, si la plastiki. Weka vipande vidogo vya mkaa kwenye mashimo yake na uliwashe pembeni. Linashikilia mkaa pamoja huku likiungua.

Mabaki ya mbao yanafaa kama ni mbao tupu. Zilizopakwa rangi, zilizotiwa dawa ya mchwa na zile za kubandikwa kwa gundi zibaki kwa fundi.

Njia ya kopo

Hii ndiyo njia ninayoitumia kila mara, na gharama yake ni kopo moja. Tafuta kopo kubwa la bati la maziwa ya unga, lile la kilo mbili na nusu. Toa mfuniko na kitako, libaki kama bomba. Kwenye thuluthi ya chini toboa matundu yanayotazamana, upitishe nondo mbili tatu nyembamba za milimita 6, zile ambazo mafundi hukunjia ringi, zikatize ndani na kufanya wavu. Chini ya nondo hizo toboa matundu ya hewa manane hadi kumi, makubwa kama kidole gumba. Funga mshikio imara wa waya mnene pembeni, au tumia koleo mbili kuliinua. Liwashe mara moja bila chakula ili maandishi ya nje yaungue.

Usitumie bati la kuezekea wala ndoo ya bati. Vyombo hivyo vimepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Sentigredi, joto ambalo mkaa ndani ya bomba lenye hewa nyingi unaweza kulifikia. Moshi wake humpa mtu homa na kifua kizito.

Sasa kazi yenyewe. Weka ngata ya gazeti lenye mafuta chini ya nondo. Isikazwe sana, hewa ipite. Juu ya nondo panga vipande vidogo vya mkaa mwepesi, kisha vizito, mpaka kopo lijae. Simamisha kopo ndani ya jiko lako au juu ya matofali mawili, mahali pasipo majani makavu. Washa gazeti kupitia matundu ya chini, sehemu mbili tatu. Kisha kaa pembeni.

Moshi mweupe mzito utatoka kwanza. Huo ni unyevu na mabaki ya gesi, usiogope. Baada ya dakika tano hivi moshi utapungua, na ukitazama kwa juu utaona wekundu ukipanda kati ya vipande. Kopo limekuwa bomba la moshi: hewa moto inakimbilia juu, hewa baridi inavutwa chini, moto unajipepea wenyewe. Baada ya dakika 15 hadi 20, vipande vya juu vikianza kuvaa jivu pembezoni, vaa glavu nene au shika kwa kitambaa kikavu, umimine makaa jikoni ukiwa umesimama upande upepo unakotoka. Watoto wawe mbali kabisa wakati huo.

Kama huna kopo

Jenga kichuguu. Katikati ya jiko weka kiwashio chako. Kizungushie vifuu au vijiti vikisimama na kuegemeana kama nguzo za msonge. Panga vipande vidogo vya mkaa juu yake, ukiacha mlango mmoja upande wa upepo. Washia mlangoni. Vipande vya kwanza vikishika wekundu, ongeza vikubwa, vichache vichache, ukiviegemeza kwenye vilivyoshika. Kosa kubwa la hapa ni kumimina mkaa wote kwa pamoja: unauzika moto mchanga.

Kupepea kuna wakati wake. Dakika za mwanzo, moto ukiwa bado wa karatasi, kupepea ni kuuzima. Ngoja vipande vitatu vinne vishike, ndipo uchukue kipepeo chako cha ukindu, upepee chini kwenye mlango wa hewa, kwa mwendo wa polepole na wa sawa. Kupepea kutoka juu kunarusha jivu na cheche, na jivu hilo ndilo litakalolala kwenye nyama.

Moto uliokolea unavyoonekana

Hapa ndipo haraka inapoharibu nyama nyingi kuliko mafuta ya taa. Wageni wamefika, mkaa umeanza kuwa mwekundu, mtu anapanga nyama. Nje inabadilika kuwa nyeusi, ndani inabaki mbichi, na moshi wa mkaa ambao haujaiva unaiachia uchungu.

Makaa yaliyokolea yamevaa shuka la jivu jepesi la kijivu, na chini ya shuka hilo kuna wekundu unaopumua. Hakuna ndimi, hakuna moshi mweupe. Ukiona weusi bado upo sehemu kubwa, subiri.

Kisha pima kwa kiganja. Kiweke juu ya wavu, umbali wa kama sentimita 12, uhesabu sekunde polepole. Ukishindwa kuvumilia baada ya mbili au tatu, moto ni mkali: ni wa mishkaki ya vipande vidogo na maini. Ukifika nne hadi tano, ni wa wastani: kuku aliyepasuliwa, samaki mzima, mahindi. Ukifika nane, ni wa pole: mbavu na paja la mbuzi, nyama inayotaka saa nzima au zaidi.

Usitandaze makaa sawasawa. Yasukumie mengi upande mmoja, na upande wa pili uache machache au usiache kitu. Nyama inapata rangi upande wa moto na kuiva polepole upande wa pili, na mafuta yakidondoka na kulipuka ndimi una mahali pa kuikimbizia. Wachoma mbuzi hodari wanaishi kwenye huo upande wa pili. Na kama kazi ni ndefu, weka makaa mapya kwenye kopo lako pembeni kila baada ya nusu saa, uongeze yaliyokwisha iva. Mkaa mbichi chini ya nyama unaturudisha kwenye moshi mweupe.

Kubanika ni moto mwingine

Babu zetu walitofautisha kuchoma na kubanika, na tofauti hiyo bado ina kazi. Kuchoma ni joto la makaa, kubanika ni joto la pole na moshi wa muda mrefu, kama samaki anavyobanikwa ili akae siku nyingi. Ukiwa na pipa lenye mfuniko, huhitaji kuwasha mkaa wote. Rundika mkaa mkavu ambao haujawashwa, uchimbe kishimo katikati, umimine humo makaa manane hadi kumi yaliyokolea kutoka kwenye kopo. Moto utatafuna rundo polepole kwa saa kadhaa. Funika, kisha uzuie hewa ya chini kidogo kidogo mpaka joto la ndani litulie kwenye nyuzi 110 hadi 130.

Kwa njia hii chagua mkaa ulioiva sawasawa, maana kila kipande kitashika ukiwa umekwisha funika nyama. Kwa harufu, weka vipande viwili vya mti mkavu wa mwembe au mpera juu ya makaa. Miti yenye utomvu na mafuta makali, kama msonobari na mkaratusi, inatoa masizi machungu. Moshi unaoutaka ni mwembamba, karibu na rangi ya buluu. Ukiwa mweupe na mzito, ongeza hewa.

Moto usioonekana

Jambo hili nalisema kwa uzito wote. Mkaa usiingizwe chumbani, hata ukiwa umekolea na hautoi moshi. Hata wakati huo unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi asioamka. Kwenye miji ya baridi familia zimepotea kwa jiko lililoletwa ndani kupasha chumba. Mvua ikikukuta unachoma, sogeza jiko chini ya paa lililo wazi pande zote. Ukikosa, ahirisha nyama.

Zima, uweke akiba

Ukimaliza, usimwagie maji jiko la udongo. Litapasuka, na mvuke utakuunguza mkono. Yatoe makaa kwa koleo, uyatie kwenye debe la chuma lenye mfuniko unaobana, ufunike. Yakikosa hewa yatakufa yenyewe. Jivu liache lipoe hadi kesho kutwa kabla ya kulimwaga, maana kaa dogo linaweza kulala ndani yake usiku kucha. Ufukweni usiyafukie makaa mchangani. Mchanga unatunza moto, na mtoto atapita hapo pekupeku. Yamwagie maji mengi, uyakoroge, umwagie tena.

Asubuhi fungua debe. Utakuta vipande vyepesi, vikavu, ambavyo vilikwisha shika moto mara moja. Hakuna mkaa unaowaka upesi kama huo. Mimi huuweka peke yake, ndio unaolala chini kabisa ya kopo safari inayofuata. Idd iliyofuata ile ya mafuta ya taa niliwasha moto wakati nyama ingali kwenye bakuli, nikangoja jivu livae, ndipo nikapanga vijiti. Mama alikula mshikaki wa kwanza, akanyoosha mkono kuchukua wa pili.